UZI: Ukisikia "figo inatengeneza kichocheo fulani", uliza kwanza ni seli gani

Bwana Pipeti (mleta uzi)

Wakuu salaam. Juzi kuna mdau aliuliza humu kwa nini mgonjwa wa figo anachomwa sindano ya kuongeza damu, watu wakajibu "figo inatengeneza homoni ya damu", basi, uzi ukaishia hapo. Jibu si la uongo ila ni nusu. Figo nzima haitengenezi hiyo homoni, wanaoitengeneza ni kikundi kidogo cha seli kwenye sehemu fulani tu, na mamilioni ya seli zingine za figo hiyohiyo zina jeni ileile ila imezimwa. Ukishalijua hilo mambo mengi ya hospitali yanaanza kueleweka, kuanzia kifafa cha mimba mpaka dawa za kansa zinazomwaga protini kwenye mkojo. Mimi kazi zangu ni za maabara upande wa RNA, sio daktari, tusije tukaanza kupeana dozi humu.

Kwa ambaye baiolojia aliiacha form two: kila seli ya figo yako imebeba jeni zote, hata ya insulini ipo humo. Kinachotofautisha seli na seli ni jeni zipi zimewashwa. Ikiwashwa inanakiliwa inakuwa mRNA, mRNA inasomwa inakuwa protini. Kwa hiyo tukitaka kujua nani anatengeneza nini, mara nyingi tunaitafuta mRNA yake.

Figo moja ina nefroni kama milioni 1, na kila nefroni ni kichujio kinachofuatiwa na mrija mrefu. Kwenye kichujio kuna seli tatu za kukumbuka: endothelia zinazotandika mshipa wa damu kwa ndani, podosaiti zinazokumbatia mshipa kwa nje, na mesanjia zinazoshikilia vimishipa visitawanyike. Kwenye mrija kuna seli za mrija wa mwanzo, za kitanzi cha Henle, za mrija wa mwisho, kisha mfereji wa kukusanya mkojo. Katikati ya mirija, kwenye nafasi zinazobaki, wanakaa fibroblasti. Zipo zingine ila hizi zinatutosha.

Naanza na VEGF manake ndiyo yenye stori tamu. Hiki ni kichocheo cha kuotesha na kutunza mishipa ya damu. Kwenye kichujio kinatengenezwa na podosaiti, kwa wingi, maisha yote, hata kwa mtu mzima ambaye mishipa yake ilishaota zamani. Lakini mlengwa mkuu sio podosaiti, vipokezi vimejaa kwa jirani, endothelia, upande wa pili wa utando. Mmoja anatengeneza, mwingine anapokea. Na hapo kuna kitu hata wataalamu kiliwaumiza kichwa, maji yanayochujwa yanatoka kwenye damu kwenda upande wa podosaiti, kama lita 180 kwa siku kwa figo zote mbili, kwa hiyo VEGF inatakiwa iende kinyume na mkondo ndio imfikie mlengwa. Na inafika.

Mwaka 2003 timu ya Susan Quaggin kule Toronto wakafuta jeni ya VEGF-A kwa panya, ila kwenye podosaiti peke yake, mwili wote uliobaki hawakuugusa. Panya waliopoteza nakala zote mbili wakafa muda mfupi baada ya kuzaliwa, vichujio havikukomaa. Waliobakiwa na nakala moja walizaliwa wakiwa sawa, baada ya wiki chache endothelia zikavimba, zikapoteza vitundu vyake, protini ikaanza kumwagika kwenye mkojo na mwisho figo zikafa. Alafu waliozidishiwa VEGF nao hawakupona, vichujio vyao vilisinyaa. Yaani aliyeguswa ni podosaiti, aliyeanza kuugua ni jirani yake, na dozi ikipungua nusu ni balaa, ikizidi ni balaa.

Manesi wa wodi ya wazazi mtakuwa mshashtuka, manake huko kuvimba kwa endothelia ndiko kunakoonekana kwenye figo ya mjamzito mwenye presha na protini kwenye mkojo, hatua inayotangulia kifafa cha mimba. Mwaka huohuo 2003 timu ya Ananth Karumanchi kule Boston ikaonyesha kwamba kondo la nyuma la hawa wamama linamwaga kwenye damu protini inaitwa sFlt1, ambayo ni kipokezi cha VEGF kisichokuwa na mkia wa kukishikiza kwenye seli, kwa hiyo kinaelea tu kwenye damu kinainasa VEGF njiani. Podosaiti inatengeneza, mzigo haufiki. Wakawadunga panya wajawazito hiyo sFlt1, presha ikapanda na protini ikatoka. Ndio maana tiba ya uhakika ya hali ile mpaka leo ni mtoto na kondo kutoka.

Njoo kwenye kansa. Avastin iliidhinishwa Marekani 2004, ni kingamwili inayoinasa VEGF ili uvimbe ukose mishipa ya kuulisha. Sasa haijui kubagua VEGF ya uvimbe na VEGF ya podosaiti. Matokeo yake wagonjwa kadhaa presha inapanda, protini inatoka kwenye mkojo, na wachache wanapata vibonge vya damu ndani ya vimishipa vya vichujio. 2008 kundi lilelile la Toronto liliripoti wagonjwa 6 wa aina hiyo, wakafuta na VEGF ya podosaiti kwa panya wakubwa, picha ikatoka ileile. Kwa hiyo daktari wa kansa akikwambia lete mkojo upimwe protini kila mara usimuone msumbufu.

Sasa ile sindano ya damu. Homoni yenyewe inaitwa EPO, na inatengenezwa na fibroblasti za katikati ya mirija, hasa pale ganda la nje la figo linapokutana na sehemu ya ndani. Mwaka 1988 ilionyeshwa kwamba watengenezaji wako hapo katikati ya mirija, kabla ya hapo watu walibishana kama ni seli za mrija au za kichujio. Fibroblasti hizo zikihisi oksijeni imepungua, protini ya HIF-2 inajikusanya inawasha jeni ya EPO, EPO inasafiri na damu mpaka kwenye uboho, uboho unatoa chembe nyekundu. Habari ya HIF ndiyo iliwapa Kaelin, Ratcliffe na Semenza Nobeli ya 2019. Na EPO yenyewe mara ya kwanza kupatikana safi ilikuwa 1977, ilibidi wakusanye lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wa Japani wenye uboho uliokauka, manake kwenye mkojo wao ilikuwa nyingi kuliko kawaida. Fikiria kazi hiyo, siku zote mtu unanusa mkojo.

Figo ikiugua muda mrefu zile fibroblasti zinabadilika tabia, zinageuka kuwa seli za kutengeneza makovu, na zikigeuka zinaizima jeni ya EPO. Ndio hivyo damu inashuka. Sio kwamba sumu za mwilini ndizo zimekula damu yote, japo nazo zinachangia.

EGF, kichocheo cha kukuza seli, niipitie hivi: inatengenezwa na kitanzi cha Henle upande unaopanda pamoja na mwanzo wa mrija wa mwisho. Stanley Cohen aliipata kwenye tezi za mate za panya, akawadunga vichanga vya panya wakafumbua macho mapema kuliko wenzao, baadaye 1986 akapata Nobeli pamoja na Rita Levi-Montalcini. Kwenye figo ni jeni muoga sana. Figo ikijeruhiwa, iwe kwa kukosa damu au kwa dawa ya kansa ya sisplatini, mRNA ya EGF inaporomoka haraka. 2015 watafiti waliopima wagonjwa wa Marekani, Ulaya na China wakaonyesha kwamba wenye EGF ndogo kwenye mkojo ndio figo zao zinaelekea kuharibika haraka zaidi. Nilipenda sana hiyo, manake inapima kitu kilicho hai, mrija uliobaki na uwezo wake, wakati kreatinini inakwambia tu takataka zimejazana kiasi gani.

TGF-beta ndiye mtengeneza makovu. Sukari ikiwa juu muda mrefu mesanjia zinaiwasha hiyo jeni, seli za mirija nazo zinaiwasha, alafu makovu yanajaa mpaka kichujio kinaziba. Zingine haraka haraka: PDGF-B inatoka endothelia inapokelewa na mesanjia, 1994 panya waliofutiwa jeni hiyo walizaliwa bila mesanjia kabisa. HGF inatoka kwenye seli za katikati, kipokezi chake kiko kwenye mirija, inasaidia kupona. GDNF ni ya wakati mtoto yuko tumboni, tishu changa ya figo inaitoa kumwita mrija uchipue, na panya wasio nayo (1996) wengi walizaliwa bila figo.

Karibuni kwa maswali, matusi pelekeni jukwaa la siasa.

---

Chuma cha Reli

Mkuu nimeweka kiti mbele kabisa. Swali: kama TGF-beta ndiye mbaya wa makovu kwa wagonjwa wa sukari, si wangetengeneza dawa ya kumnasa kama walivyomnasa VEGF tumalize kazi? Au ndio yale mambo ya makampuni kuficha tiba?

---

Bwana Pipeti

@Chuma cha Reli hawajaficha, wamejaribu hadharani. Kuna kingamwili ya TGF-beta1 ilijaribiwa kwa wagonjwa wa figo za kisukari waliokuwa tayari kwenye dawa za kawaida za presha, jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu hakukuwa na faida, ripoti ikatoka 2017. Kwa panya ilikuwa inafanya kazi vizuri tu.

Mtazamo wangu, tatizo ni hilohilo la uzi huu. VEGF kwenye kichujio ina mtengenezaji mmoja mkuu na mpokeaji mmoja mkuu. TGF-beta inatengenezwa na karibu kila mtu, mesanjia, mirija, fibroblasti, seli za kinga zinazoingia figo ikiwaka moto, na ikitolewa inatoka imefungwa, inakaa pale kwenye utando inasubiri mtu wa kuifungua. Kwa hiyo unaweza kuwa na mRNA nyingi na kazi kidogo, au mRNA ya kawaida na kazi kubwa kwa sababu aliyepo wa kuifungua ni mkali. Juu ya hapo TGF-beta hiyohiyo ndiyo inayotuliza kinga isivuruge mwili. Ukiifunga mwili mzima unafunga na mema yake. Mimi nadhani dawa itakayokuja kufanikiwa itagusa seli moja au yule mfunguaji, sio kichocheo chenyewe.

---

kapu_la_mama

Mie mama yangu yuko kwenye dayalisisi, hizo sindano za EPO anachomwa ila HB (kiwango cha damu) inagoma, iko 8 mara 9, tunaambiwa tuongeze sindano na bei mnaijua. Hivi hizo fibroblasti zikishageuka ndio basi tena haziwezi kurudi?

---

Bwana Pipeti

Pole sana dada, Mungu amsaidie mama. Kuhusu dozi naomba usinisikilize mimi, ila kaulize jambo moja: madini ya chuma yake yamepimwa lini, yaani feritini na kile kipimo cha asilimia ya transferini. EPO inaamuru uboho utengeneze chembe, chuma kisipokuwepo amri inakuja na malighafi hakuna, na hiyo ni sababu ya kawaida mno ya sindano kugoma. Maambukizi kwenye mpira wa kusafishia damu nayo yanaizuia. Na msikimbilie kuitaka HB ya 14, majaribio makubwa ya 2006 na 2009 yalionyesha kulazimisha HB izidi 13 hakukuwasaidia wagonjwa wa figo, kiharusi na matatizo ya moyo ndiyo yaliongezeka. Ndio maana wanalenga 10 mpaka 11 na kitu.

Swali la pili ndio zuri. Kuna vidonge, kimoja kinaitwa roksadustati, China walikiidhinisha 2018, kazi yake ni kuzuia HIF isibomolewe, mwili unadhani oksijeni imepungua. Wagonjwa wa dayalisisi wakimeza, EPO yao wenyewe inapanda. Sasa jiulize inatoka wapi kama figo "zimekufa"? Sehemu inatoka kwenye ini, manake ini ndilo lililokuwa linaitengeneza tukiwa tumboni, lakini sehemu inatoka kwenye figo hizohizo. Kwa hiyo seli nyingi bado zipo, jeni ipo, ila swichi imelala.

---

nesi_zamu_ya_usiku

Mleta uzi umenigusa hapo kwa wajawazito. Huwa nawaambia wanafunzi protini kwenye mkojo wa mjamzito inatokana na presha kuumiza figo, kumbe zote mbili ni watoto wa mama mmoja, VEGF imenaswa. Nina swali lingine, kuna mgonjwa wa kansa ya utumbo alikuwa kwenye ile kingamwili ya kuzuia EGF, Erbitux, magnesiamu ikashuka mpaka misuli ikawa inakaza na kutetemeka, tunaongeza inashuka tu. Inahusiana na haya?

---

Bwana Pipeti

@nesi_zamu_ya_usiku inahusiana moja kwa moja, asante kwa kuileta. Erbitux inaziba kipokezi cha EGF. Kumbuka nimesema EGF inatengenezwa mwanzoni mwa mrija wa mwisho, na palepale ndipo figo inaporudisha magnesiamu kwenye damu kupitia mlango unaitwa TRPM6. Seli inatoa EGF kwa upande wa damu, inajishika yenyewe na majirani, mlango unafunguka. 2007 watafiti wa Uholanzi walieleza dada wawili wa familia moja wenye magnesiamu ya chini tangu utotoni, kasoro ikakutwa kwenye jeni ya EGF, protini inatengenezwa ila inashindwa kupelekwa upande wa damu. Wagonjwa wa Erbitux wanapata ugonjwa wa wale dada kwa njia ya dripu. Kwa hiyo mkiongeza magnesiamu inapotelea kwenye mkojo, na itaendelea hivyo mpaka dawa ipumzishwe. Hiyo ndio raha ya kujua seli, vinginevyo ungesema tu "dawa ina sumu kwa figo" wakati kreatinini iko sawa kabisa.

---

Mtaalam wa Mitishamba

Mnazunguka bure. Kuna vidonge vinauzwa vimeandikwa vina growth factor asilia za kufufua figo, watu wanapona. Mzungu hataki mjue.

---

Bwana Pipeti

Mkuu heshima kwako. Vichocheo hivi ni protini, ukimeza vinameng'enywa tumboni kama maharage na samaki, ndio maana EPO na insulini zinachomwa. Tuseme hata vifike, ungetaka kipi kifike wapi? TGF-beta ikiongezeka ni makovu, VEGF ikizidi kwenye podosaiti vichujio vinasinyaa kama vya wale panya wa Toronto. Na kansa ya figo iliyo maarufu kuliko zote inaanzia kwenye seli za mrija wa mwanzo zilizopoteza jeni ya VHL, HIF ikakosa wa kuibomoa, seli ikaanza kumwaga VEGF wakati haikutakiwa. Hiyo nayo ni "growth factor asilia".

---

Chuma cha Reli

😂😂 mkuu umemmaliza. Mtaalam rudi na hoja.

---

Dogo wa Mabibo

Shikamoo bro. Mi niko mwaka wa mwisho, nataka kufanya tafiti ya panya wenye kisukari, nachukua figo nzima nasaga natoa RNA napima mRNA ya VEGF na TGF-beta kwa PCR (kipimo cha kuhesabu nakala za jeni) nalinganisha na panya wazima. Msimamizi kasema iko poa ila baada ya kusoma huu uzi naona kama nimeingia chaka. Na kwa nini nisitumie tu seli za HEK293, si ni za figo na ziko rahisi?

---

Bwana Pipeti

Marahaba dogo. HEK293 achana nazo kwa swali lako. Zilitengenezwa Leiden 1973 kutoka kwenye figo ya kijusi ndio, lakini jeni zinazowaka humo zinafanana zaidi na seli za neva au za tezi ya juu ya figo kuliko mrija wowote wa figo. Ni kiwanda kizuri cha kutengenezea protini, sio figo. Hata podosaiti halisi ukizitoa ukaziweka kwenye sahani zinasahau kazi, zile za maabara zinakuzwa nyuzi 33 kisha zinahamishiwa 37 ndio angalau zikomae, na bado hazifanani sana na za mwilini.

Kuhusu kusaga figo nzima, seli za mrija wa mwanzo ndizo zimejaa kuliko zote, podosaiti ni chache mno. Utakachosoma ni sauti ya mrija wa mwanzo.

---

Chuma cha Reli

Yaani kama kukaa ghorofani unasikiliza kelele za Kariakoo alafu unasema umeshajua bei ya nyanya.

---

Bwana Pipeti

Hahaha ndio hiyohiyo. Wenye hela siku hizi wanapima seli moja moja, 2018 timu ya Katalin Susztak kule Pennsylvania ilisoma karibu seli 58,000 za figo ya panya kwa mtindo huo, wakakuta na aina ya seli kwenye mfereji wa kukusanya ambayo iko katikati ya aina mbili zinazojulikana. Dogo kwa bajeti ya chuo huwezi, ila fanya hivi. Usisage nzima, tenganisha ganda la nje na sehemu ya ndani kwa wembe kabla ya kugandisha, ni dakika chache tu. Au chuja vichujio kwa nyavu za chuma za maabara, kwa panya wa aina kubwa (rat) inawezekana vizuri tu. Kisha kwenye kila sampuli pima na jeni za utambulisho wa seli, nefrini na podosini kwa ajili ya podosaiti, uromodulini kwa kitanzi cha Henle.

Hapo ndipo tafiti nyingi zinateleza. Kisukari kinaua podosaiti. Ukikuta VEGF imeshuka kwa panya wako utaandika "kisukari kinazima jeni ya VEGF", kumbe inawezekana kila podosaiti iliyobaki inaendelea kutoa kama kawaida au hata zaidi, ila zimebaki chache. VEGF na nefrini zikishuka kwa kiwango kimoja, dalili ni kwamba seli zimepungua. VEGF ikishuka nefrini ikabaki palepale, hapo una sababu ya kusema jeni imezimwa. Na ile jeni ya kulinganishia usiweke GAPDH peke yake, inahusika na uchomaji wa sukari na wewe panya wako wana sukari, weka angalau mbili. Baki na vipande vichache kwenye fomalini pia, ukikwama utavipaka rangi uone kwa macho VEGF imekaa wapi. Protokoli ya kuchuja nakutumia inbox kesho nikifika kazini.